Chupa Inayorudi: Soda ya Tangawizi katika Nyanda za Juu za Gusii

Stoney Tangawizi, kinywaji cha kampuni ya Coca-Cola chenye ladha kali ya tangawizi, huuzwa katika vituo vya soko vya kaunti za Kisii na Nyamira, kuanzia Daraja Mbili mjini Kisii hadi Kebirigo, Ikonge na Nyansiongo, na wanywaji wake wengi huizungumzia kana kwamba ni kinywaji cha nyumbani, ingawa chimbuko lake ni Afrika Kusini, ilikoanza kuuzwa mwaka 1971. Kupendwa kwake katika nchi ya Abagusii huelezwa mara nyingi kwa hoja ya ladha: kwamba watu wa vilima vyenye baridi na mvua nyingi wamevutiwa na soda inayochoma koo na kupasha kifua joto. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaishia katikati ya njia, kwa kuwa ladha hueleza kwa nini mnunuzi huichagua soda hii akiikuta dukani, wala haielezi imefikaje huko dukani, juu ya kilima ambacho lori hulala barabarani mvua ikinyesha. Kilichoifikisha huko ni chupa ya kioo inayorudishwa kiwandani ikajazwa tena, pamoja na mpango wa kugawa nchi katika maeneo ya wasambazaji, ambao uliufanya mji wa Kisii kuwa na kampuni yake ya kutia soda chupani.

Tangawizi yenyewe, ambayo wanabotania huiita Zingiber officinale, ni mmea wa Asia uliosafiri kwa merikebu za Bahari ya Hindi na kuzoeleka Uswahilini karne nyingi kabla ya soda kubuniwa. Ukali wake hutokana na jamii ya kemikali ziitwazo jinjeroli, ambazo hugusa kipokezi cha neva kilekile kinachoamshwa na pilipili na maji ya moto, hivi kwamba ubongo hupokea taarifa ya joto hata pale ambapo kinywaji kimetoka kwenye jokofu. Katika soda, mchomo huo hukutana na mwingine wa pili, yaani ule wa gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo ikiyeyuka katika maji huzaa asidi hafifu inayouma ulimi. Ndiyo sababu Stoney huhisiwa kuwa kali kuliko soda za machungwa au za limau zenye gesi hiyohiyo.

Babu wa kinywaji hiki ni bia ya tangawizi ya Uingereza, iliyoanza kutengenezwa majumbani katikati ya karne ya 18 kwa kuchachua maji, sukari na tangawizi kwa msaada wa donge la vijidudu ambalo mwanabotania Harry Marshall Ward alilichunguza na kuonyesha, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1892, kwamba ni ushirika wa hamira na bakteria wanaoishi kwa kutegemeana. Bia hiyo ilitiwa katika chupa nzito za udongo uliochomwa, zilizostahimili msukumo wa gesi na kurudishwa kwa muuzaji baada ya kunywewa, jambo linaloonyesha kwamba chupa ya kurudi ni kongwe kuliko Stoney yenyewe. Walowezi waliipeleka Afrika Kusini, na huko ikavuka mipaka ya rangi: kinywaji cha tangawizi cha kutengeneza nyumbani, ambacho wasemaji wa Kisotho na Kitswana hukiita gemere, kikawa sehemu ya harusi na mazishi. Kampuni ya Coca-Cola ilipoitoa Stoney mwaka 1971 ilikuwa inauza kiwandani ladha ambayo tayari ilikuwa na heshima katika mikusanyiko ya watu. Tofauti ni kwamba Stoney haichachuliwi. Gesi yake husukumiwa ndani kwa mtambo, na hivyo haina kilevi.

Ili kuelewa upatikanaji wake Kisii na Nyamira, ni lazima kwanza kufahamu jinsi biashara ya soda ilivyogawanywa. Kampuni yenye jina la kinywaji kwa kawaida haitengenezi soda inayonywewa. Hutengeneza kiini, yaani mchanganyiko mzito wa ladha, na kukiuza kwa kampuni nyingine iliyopewa kibali cha kukichanganya na maji, sukari na gesi, kukitia chupani na kukisambaza katika eneo lenye mipaka iliyoandikwa kwenye mkataba. Sehemu kubwa ya kiini kinachotumiwa barani Afrika hutoka katika kiwanda cha Conco kilichopo Matsapha, nchini Eswatini, kilichohamishiwa huko kutoka Afrika Kusini mwaka 1987, na Kenya ni miongoni mwa wanunuzi wake. Sukari nayo ina kisa chake. Mashamba ya miwa yameizunguka nchi ya Abagusii upande wa magharibi na kusini, na kiwanda cha sukari cha Sony kiko Awendo, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kaunti ya Kisii, lakini viwanda vya Kenya kwa sehemu kubwa hutengeneza sukari ya kawaida ya mezani, ilhali soda huhitaji sukari iliyosafishwa zaidi ili isiache rangi wala harufu, na sukari hiyo kwa kawaida huagizwa kutoka nje na kupitia bandari ya Mombasa. Mnywaji wa Suneka, ambaye huenda shamba la miwa liko mbele ya macho yake, aghalabu hunywa sukari ya ng'ambo katika ladha iliyotoka Eswatini. Kilicho cha karibu katika chupa yake ni maji na kazi ya mikono.

Coca-Cola iliingia Kenya mwaka 1948, na katika miongo iliyofuata nchi iligawanywa miongoni mwa kampuni kadhaa za kutia soda chupani: Nairobi Bottlers katika jiji kuu na viunga vyake, Coastal Bottlers pwani, Mount Kenya Bottlers yenye makao Nyeri, Rift Valley Bottlers mjini Eldoret, Equator Bottlers mjini Kisumu, na Kisii Bottlers. Kuwamo kwa Kisii katika orodha hiyo si jambo dogo. Mji huo haukuwa na reli, kwa kuwa njia ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikushuka kusini kuelekea milima ya Gusii, na kwa mizani ya viwanda vizito haukuwa na cha kuwavutia wawekezaji. Ulichokuwa nacho ni watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, waliosongamana katika eneo dogo lenye rutuba, wenye fedha za majani ya chai, ndizi na kahawa zinazoingia mikononi kidogokidogo mwaka mzima badala ya mara moja wakati wa mavuno. Muuza soda hapati mteja bora kuliko huyo: mwenye sarafu chache kila wiki na soko la karibu la kuzitumia.

Kuwa na kampuni ya eneo kulikuwa na maana moja kubwa, nayo ilihusu uzito. Chupa ya kioo tupu huweza kuwa na uzito unaokaribia ule wa soda iliyomo, na kwa kuwa ni lazima irudi, lori hubeba kioo kwenda na kurudi. Kila kilomita inayoongezwa kati ya kiwanda na duka hulipiwa mara mbili. Kwa hiyo chupa ya kurudi inapenda ujirani. Soda ya chupa ya kioo iliyotoka Nairobi, zaidi ya kilomita 300, ingefika Nyamache au Magombo ikiwa ghali, au isingefika kabisa, lakini ile iliyogawanywa kutoka mjini Kisii, kupitia barabara za Keroka, Ogembo na Nyamira, iliweza kuuzwa kwa bei isiyotofautiana sana na ya mjini. Ieleweke hapa kwamba hoja hii inahusu soda zote za Coca-Cola, na Stoney ilipanda mlima ikiwa abiria pamoja na nyingine, katika kreti moja.

Kreti hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ni sanduku la plastiki lenye vyumba 24, na mwenye kioski hulipia vitu vitatu anapoichukua kwa mara ya kwanza: soda, chupa, na kreti yenyewe. Fedha za chupa na kreti ni amana, yaani malipo ya dhamana yanayobaki yakimfungia mtaji wake muda wote anaoendelea na biashara, kwani kuanzia hapo atakuwa akibadilisha tupu kwa zilizojaa na kulipia kinywaji peke yake. Chupa 300 zenye soda humaanisha kwamba mwenye kioski ana fedha zilizolala katika kioo, na ndiyo maana humuuliza mtoto aliyetumwa dukani kama amekuja na chupa kabla hajamuuliza anataka soda gani. Asiye na chupa hunywea palepale, amesimama mlangoni au ameketi kwenye benchi, au huacha amana. Chupa zilizozunguka sana hujulikana kwa kuziangalia tu: pete mbili nyeupe za michubuko huzunguka bega na tako la chupa, mahali ambapo kioo kimesuguana na kioo kwenye mitambo na malorini, safari baada ya safari. Kiwandani huoshwa kwa maji moto yenye magadi makali, hukaguliwa kama zimepasuka mdomo, kisha hujazwa na kufungwa kwa kizibo cha bati, kile kile alichokibuni William Painter wa Baltimore mwaka 1892 na ambacho hakijabadilika sana tangu hapo.

Katika mfumo huu hasara ya chupa iliyovunjika humwangukia aliyeishika wakati huo, na kwa kawaida huyo ni mdogo kuliko wote katika mnyororo. Barabara za ndani za Gusii, zenye miteremko mikali na udongo mwekundu unaoteleza, hazikuwa rafiki wa malori wala wa mikokoteni ya mkono ambayo Coca-Cola iliitegemea katika miji mingine ya Afrika Mashariki. Pikipiki ndizo zilizotatua tatizo hilo. Serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo mwaka 2008, bei yake ilishuka, na bodaboda ikawa chombo cha mwisho cha usambazaji: kreti mbili au tatu hufungwa kwa mpira nyuma ya dereva, hupanda kutoka barabara ya lami hadi kioski kilicho kando ya kituo cha kupimia majani chai, na tupu hushuka kwa njia hiyohiyo. Ni vigumu kufikiria uvumbuzi wowote wa kampuni ya soda uliofanya kazi kubwa zaidi katika vilima hivi kuliko hatua hiyo ya kikodi ambayo haikuikusudia soda hata kidogo.

Hapo ndipo ladha inaporudi kwenye hesabu, lakini kwa sura tofauti na ile iliyozoeleka. Kabla ya soda, kinywaji cha heshima katika mikutano ya Abagusii kilikuwa pombe ya wimbi, ambayo wazee waliinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wakiwa wamekizunguka. Wamisionari Wakatoliki walioanza kazi Nyabururu, na Waadventista wa Sabato waliojenga kituo chao Nyanchwa, wote katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 1910, waliileta dini katika mji uleule ambao baadaye ulikuja kuwa na kampuni ya soda, na Uadventista hasa ulikita mizizi mirefu katika nchi hii kuliko katika sehemu nyingi za Kenya. Mafundisho ya kanisa hilo hukataza kileo, na huwahimiza waumini waepuke pia vinywaji vyenye kafeini, yaani kichangamshi kilichomo katika chai, kahawa na kola. Kwa hiyo sherehe ya familia ya Kiadventista, katika eneo linalolima chai na kahawa kwa wingi, huhitaji kinywaji cha wageni ambacho si pombe, si chai, si kahawa, wala si kola. Soda za matunda hukidhi sharti hilo, lakini huhesabiwa na wengi kuwa za watoto. Soda ya tangawizi haina kafeini wala kileo, lakini ina ukali unaomfanya mzee ajisikie amepewa kitu cha mtu mzima. Hii ni sababu nzito kuliko baridi ya milimani, ingawa hutajwa kwa nadra.

Kuhama kutoka chungu hadi chupa kulibadilisha pia hesabu ya ukarimu. Chungu hakihesabiki kwa kichwa. Anayechelewa husogezewa mrija. Chupa humhesabu kila mgeni peke yake, na mwenye shughuli hulazimika kujua idadi ya kreti mapema, kuziagiza kwa mwenye duka la jumla, na kumteua kijana wa kukusanya tupu jioni, kwani upungufu utatoka mfukoni mwake. Siku ya mahari katika kijiji cha Nyamira inaweza kuwa na mabishano mafupi kuhusu ng'ombe na marefu kuhusu chupa saba zisizoonekana.

Namna ya kuinywa nayo ina historia yake. Muuzaji wa Kenya huuliza kama mteja anataka soda baridi au moto, na moto hapa humaanisha isiyowekwa kwenye jokofu. Kwa muda mrefu vioski vingi vya vijijini havikuwa na umeme, hadi mpango wa serikali wa kuzifikishia kaya umeme, uliozinduliwa mwaka 2015, ulipoanza kusambaza nyaya kutoka transfoma zilizokuwapo, kwa hiyo soda moto ilikuwa ndiyo soda. Kola isiyo baridi hupoteza mvuto wake upesi, lakini tangawizi huvumilia, na huko Nyansiongo au Kiabonyoru, ambako asubuhi ukungu hukaa hadi saa nne, wapo wanaoichagua hivyo hata jokofu likiwa linanguruma pembeni yao. Kutokana na hapo limekuja zoea la kuipasha Stoney jikoni, pengine kwa kukamulia ndimu, na kumpa mwenye mafua au tumbo lililovurugika. Tangawizi imefanyiwa uchunguzi na kuonekana kupunguza kichefuchefu, lakini haipasi kuruka kutoka hapo hadi kwenye chupa ya dukani, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji na sukari. Kwa mgonjwa wa kisukari, dawa hiyo ni balaa. Habari hizo hazikuwa rahisi kuzipata kwa mnywaji wa chupa ya kioo, kwa kuwa chupa hiyo, tofauti na ya plastiki, haikuwa na karatasi ya maelezo, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ukosefu huo ulikiuka haki ya mtumiaji ya kupewa taarifa.

Umiliki wa mfumo huu umekuwa ukisogea mbali na Kisii kwa hatua. Kampuni ya uwekezaji ya Centum, iliyoanzishwa mwaka 1967 ili kuwapa Wakenya njia ya kumiliki hisa za viwanda, ilikuwa na hisa katika kampuni kadhaa za soda, na mnamo 2013 Kisii Bottlers, Mount Kenya Bottlers na Rift Valley Bottlers ziliunganishwa chini ya kampuni mama moja, Almasi Beverages. Mwaka 2019 Centum iliuza hisa zake za Almasi, zilizozidi nusu, pamoja na zile za Nairobi Bottlers, kwa tawi la Coca-Cola Beverages Africa, kampuni iliyoundwa mwaka 2016 yenye makao Afrika Kusini, kwa takriban shilingi bilioni 19.5. Kisha Oktoba 2025 Coca-Cola HBC, yenye makao Uswisi, ilitangaza makubaliano ya kununua asilimia 75 ya kampuni hiyo ya Afrika kwa dola bilioni 2.6 hivi. Muungano wa namna hii una faida zinazoeleweka: mitambo yenye kasi, ununuzi wa sukari kwa wingi, mtaji usioyumba. Hata hivyo, mpaka wa eneo uliokuwa ukimlazimisha mwekezaji wa Kisii kufika Etago na Miruka, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuuzia, umekuwa mstari tu ndani ya ramani pana ambamo kilima kimoja chenye barabara mbaya hushindanishwa na mtaa mzima wa Nairobi.

Chupa ya plastiki imeingia katika nafasi hiyo. Ni nyepesi, haihitaji amana, haimfungi mtaji mwenye kioski, na mnunuzi huondoka nayo bila kuulizwa swali. Inaweza kusafirishwa kutoka mbali bila lori kurudi na tupu, na kwa hiyo huondoa sababu kuu ya kiwanda kuwa karibu na mnywaji. Gharama inayobaki hulipwa na mahali. Mifereji ya Kisii huteremka kwenye mto Gucha, ambao hutiririka hadi Ziwa Viktoria, na mto huohuo ndio unaochotwa maji ya mji katika mtambo wa Kegati. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini haikuzigusa chupa, ila katika hifadhi za taifa kuanzia Juni 2020. Watengenezaji waliunda shirika la PETCO mwaka 2018 kusimamia ukusanyaji, na sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, pamoja na kanuni zake za 2024, imemwekea mtengenezaji wajibu wa bidhaa yake baada ya kutumika. Viwanda vikubwa vya kuchakata plastiki viko Nairobi na kandokando yake, na mwokotaji wa chupa wa Keroka hulipwa kwa kilo, kwa kitu ambacho kilo moja yake hujaza gunia.

Keroka yenyewe, soko lililokatwa na mpaka wa kaunti mbili kiasi kwamba serikali za Kisii na Nyamira zimegombania mapato yake tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, inaonyesha ugumu wa kulipata jibu la taka hizo kwa njia ya kaunti moja moja. Kanuni za 2024 zinaacha mwanya wa kutoza amana hata kwenye plastiki, hatua ambayo ingeipa chupa nyepesi thamani ya kurudishwa, na ambayo haiwezi kufanya kazi upande mmoja wa barabara ikiwa upande wa pili hautozi. Kinachopaswa kuamuliwa kabla ya kiwango cha amana ni nani atakayebeba mtaji wake, kwa sababu ikiwa atakuwa tena mwenye kioski wa Ikonge, kama ilivyokuwa kwa kioo, atakuwa na kila sababu ya kuweka rafuni maji ya chupa na juisi za pakiti, na kuagiza Stoney siku za harusi tu.